Tuanze na Jiko, Mifuko Itafuata

Kila yanapotajwa mazingira hapa Tanga, mazungumzo hukimbilia mifuko ya plastiki na upandaji miti. Siku ya usafi inafika, mitaro inazibuliwa, picha zinapigwa, na jioni yake kila mtu anarudi nyumbani kupika vilevile alivyopika juzi. Mimi naona tunaanzia mbali. Nyumba ya kawaida ya Ngamiani, Makorora au Mikanjuni inayaumiza mazingira kwa jiko lake kuliko kwa mifuko yake, na jiko ndiko mahali ambapo badiliko dogo linaonekana kwenye hela ya matumizi kabla mwezi haujaisha.

Magunia ya mkaa yanayoshushwa mjini hutoka pande za Handeni, Kilindi na kwingineko kwenye misitu yetu. Wachomaji wengi hutumia tanuri la udongo, na katika tanuri la namna hiyo kilo moja ya mkaa hula kilo sita hadi kumi za kuni. Kwa hiyo kopo moja la mkaa linaloungua bure, sufuria ikiwa imeshaipuliwa, lina mzigo mzima wa kuni nyuma yake.

Serikali imeweka mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, na lengo lake ni kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote, maana moshi umeharibu macho na vifua vya mama zetu kwa muda mrefu mno. Lakini anayelipwa kwa siku hununua mkaa wa kopo kwa sababu hela ya kujaza mtungi wa gesi haipatikani kwa mkupuo. Huyo hasaidiwi na lawama. Anachoweza kufanya leo, akiwa na jiko lilelile, ni kuchoma kidogo zaidi.

Chukua mbaazi. Mji huu unaamka na mbaazi za nazi, na mbaazi kavu ni sugu: ukizibandika bila kuziloweka utachochea moto mpaka uchoke. Ukiziloweka tangu usiku zinavimba, na muda wa kukaa motoni unapungua sana. Hilo wengi wanalijua. Wasilolifanya ni hatua inayofuata, ambayo nimeiona kwa mama mdogo wangu anayeishi Sahare. Ana tenga pana alilolijaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, juu yake katandika gunia la katani, na katikati ameacha shimo la ukubwa wa sufuria. Mbaazi zikishachemka kwa nguvu kama nusu saa, anaipua sufuria pamoja na mfuniko wake, anaitumbukiza shimoni, anaigandamiza kwa mto wa matambara na kuifunika blanketi kuukuu. Mtoto akisogea kuchungulia anamkemea: "Wee, usifunue, utalitoa joto!" Saa tatu baadaye anafunua mwenyewe. Mvuke unampiga usoni, mfuniko haushikiki kwa mkono mtupu, na mbaazi zinabonyea kwa vidole viwili. Anazirudisha motoni zichemke tena, anatia tui, mambo yamekwisha.

Hakuna muujiza hapo. Kinachoivisha chakula ni joto, na joto likizuiwa lisitoroke halihitaji moto mfululizo. Sufuria iliyojaa huhifadhi joto vizuri kuliko iliyo nusu, na maji yawe machache kidogo kuliko kawaida kwa kuwa hayakauki. Ila kuna sharti ambalo nalisisitiza: maharage mekundu lazima yatokote walau dakika 10 kamili kabla ya kuingia kwenye tenga, kwa sababu yana sumu ya asili inayouawa na mchemko tu, na joto la wastani haliitoshi. Na chakula kisiachwe humo mpaka kipoe.

Wakati mbaazi ziko kwenye tenga, jiko liko wazi na moto bado mzuri. Wali unapikwa, kisha maji ya kuoga ya mtoto yanabandikwa. Anayepanga mapishi yake kwa mfuatano huo hupikia mkaa mmoja shughuli tatu. Makaa yanayobaki usiyamwagie maji. Yatie kwenye kopo la bati lenye mfuniko, yazime yenyewe kwa kukosa hewa, kesho yanawaka upesi. Jiko lenyewe lisiingizwe chumbani hata kama kuna baridi ya mvua, kwa sababu hewa ya mkaa huua bila kunuka.

Na kuwashia, jamani, tuache kuwashia nailoni. Mji wenye nazi kila kona hauna sababu ya kumpa mama moshi mweusi wa plastiki asubuhi. Makumbi yapo, vifuu vipo, na kifuu kikishika moto kina joto kali kweli.

Jiko hilohilo ndilo linalojaza pipa la taka. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni vitu vya kuoza: maganda ya ndizi na mihogo, machicha, matumbo ya samaki, mabaki ya mchicha. Vikiwa peke yake ni mali. Vikichanganywa na nepi, chupa na vifuko, havimfai mtu tena. Vikifika dampo vikafukiwa bila kupata hewa, huoza na kutoa gesi ya methane, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto dunia zaidi ya mara 25 kuliko kiasi hichohicho cha hewa ya ukaa. Ndiyo maana nashikilia kwamba kama familia itachukua tabia moja tu kutoka kwenye makala hii, basi iwe ndoo mbili jikoni, moja ya taka mbichi na nyingine ya kavu. Machicha wapewe kuku siku hiyohiyo kabla hayajachacha. Maganda yaende kwenye shimo la futi mbili chini ya mpapai au mgomba, na kila mara juu yake utupie majani makavu au udongo kidogo, kusinuke wala nzi wasijae. Matumbo ya samaki yafukiwe chini kabisa, la sivyo paka watafukua usiku kucha.

Taka kavu zikibaki peke yake hazinuki, na zisiponuka mtu hana haraka ya kuzichoma. Hili la kuchoma linanikera kuliko yote. Jioni, upepo umetulia, watoto wako nje, nyumba tatu kwa mpigo zinawasha lundo lenye plastiki na nepi ndani yake. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo wa uani hutoa sumu zinazokaa mwilini miaka mingi. Afadhali mfuko wa taka kavu usubiri gari la taka wiki nzima ukiwa umefungwa vizuri.

Maji nayo yanatoka kwenye msitu, ingawa bombani hayaonyeshi. Maji ya jiji letu hutoka Mto Zigi na kukusanywa kwenye bwawa la Mabayani, na mto huo unaanzia Usambara Mashariki, pande za Amani, ambako msitu ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Miteremko ile ikibaki uchi, mvua hushusha udongo hadi bwawani, na kuyasafisha maji kunakuwa ghali zaidi. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati za mkopo kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma ya maji. Fedha hizo zitarudishwa kwa wawekezaji pamoja na faida yake. Maji yana gharama, kwa hiyo kuacha bomba linachuruzika uani usiku kucha, eti bili inagawanywa kwa wapangaji wote, ni kuwaonea wenzako.

Waislamu wa mji huu tuna kipimo tayari. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichofika lita. Sisi tunafungua bomba mpaka mwisho, tunatawadha huku tunaongea, na maji ya kumtosha mtu kuoga yanaishia mtaroni. Birika au kopo linatosha. Maji ya kuoshea mchele na ya kulowekea mbaazi yapelekwe kwenye miche. Na msimu wa masika, kabla ya kulalamikia bili, angalia bati lako: mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 50 inaleta lita 500. Hata ukipoteza sehemu yake, yanayobaki yatafulia na kudekia kwa siku kadhaa. Kinachohitajika ni kipande cha mfereji na pipa lenye mfuniko, maana pipa la wazi ni kitalu cha mbu.

Mifuko sijaisahau. Ile ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mitaro yetu ilipumua. Lakini vile vifuko laini vya kuangaza vimeingia sokoni kwa mlango wa nyuma, na sasa nyanya za mia tano zinafungiwa humo. Kikapu cha ukili kinabeba samaki, nazi na mboga kwa pamoja, ukifika unakisuuza na kukianika. Baiskeli nayo ipo. Mji wetu ni tambarare na una desturi ya baiskeli ambayo miji mingine inaitamani. Kwenda sokoni Mgandini hakuna haja ya bodaboda.

Mara nyingi ninaposema haya naambiwa: sisi tumepanga, uani tuko familia tano, hilo shimo nalichimba wapi? Swali ni la haki. Kwenye nyumba za namna hiyo mambo huenda yakianzishwa na mtu mmoja anayeheshimika uani, mara nyingi bibi mwenye nyumba au mpangaji wa siku nyingi. Iwekwe ndoo moja ya taka mbichi karibu na mlango wa nyuma, yenye mfuniko, na wapangaji wakubaliane zamu ya kuiosha. Anayefuga kuku, awe wa hapo au jirani, apitie kila jioni kuchukua cha kwake. Kinachobaki apewe mwenye shamba la mboga, ambaye naye huwa anatafuta mbolea, na wengi wao watakuja kuifuata wenyewe kwa baiskeli mkishawahakikishia kwamba ndani hamna nailoni wala vipande vya chupa.