RNA ya Mmea Hai na Lawama ya Alama Zinazong'aa

Mkulima wa muhogo hapa Malindi anaujua ugonjwa wa michirizi ya kahawia: majani bado yanapendeza, lakini kisu kikipita kwenye mzizi, nyama inaonekana imekauka na kuwa kahawia. Virusi vinavyouleta hubeba maagizo yake katika RNA, molekuli ndefu kama uzi, yenye takriban nyukliotidi (viungo vyake) 9000, na kwa hiyo mabishano kuhusu kama alama zinazong'aa hupotosha kinachoonekana tunapoitazama RNA ndani ya seli hai yanatugusa.

Njia inayolaumiwa zaidi ni ile ya MS2 (jina la virusi vya bakteria ilikotoka), iliyotumika katika hamira mwaka 1998. RNA huongezewa vikunjo, yaani vipande vinavyojikunja, kwa kawaida 24, na kila kikunjo hushikwa na protini mbili, kila moja ikiwa imeunganishwa na protini inayong'aa. Wapinzani wanasema mzigo huo, wa nyukliotidi zipatazo 1300, huweza kuuzidi ujumbe wenyewe kwa urefu. Tena katika hamira ilionekana kwamba vikunjo hukwamisha uozaji wa RNA, na vipande vilivyobaki vikang'aa kana kwamba ni RNA nzima. Wao hupendelea kukaza seli kwa kemikali, zife zikiwa zilivyo, na kuhesabu RNA isiyoongezewa kitu. Hoja hiyo ina uzito.

Hata hivyo, 24 mara mbili ni 48, na taa hizo 48 hazikuwekwa kwa anasa: klorofili na ukuta wa seli vina mng'ao wake, na molekuli moja yenye taa chache humezwa humo. Isitoshe, lawama ya vipande haiigusi sana RNA inayotazamwa pale pale inapoandikwa kutoka kwa DNA, kwenye kiini cha seli, kabla haijaanza kuoza. Ndivyo watafiti walivyofanya mwaka 2021 katika tumbaku na Arabidopsis (mmea mdogo unaotumiwa sana maabarani), wakaona kwamba joto likipanda, baadhi ya viini huanza kuandika na vingine, katika tishu ile ile, hubaki kimya. Seli iliyokazwa huonyesha kilichopo dakika ile tu. Haisemi ni kiini kipi kilitangulia, wala kiliandika kwa muda gani.

Kwa virusi nakubali tahadhari zaidi, kwa kuwa virusi vingi vya RNA hukitupa kipande kilichopachikwa. Lakini ipo njia nyingine, iliyotumika mwaka 2009 kwa virusi vya mozaiki ya tumbaku: protini za Pumilio, ambazo kwa asili hushika RNA, hurekebishwa zitambue mfuatano ambao RNA ya virusi inao tayari, bila kuongeza kikunjo hata kimoja. Hiyo ndiyo ningependa ijaribiwe kwanza kwenye muhogo, huku hesabu za seli zilizokazwa zikienda sambamba nayo.