Wenzetu ng'ombe wamemjengea sanamu, wa kwetu tunamkumbuka siku ya kuchinja

Jamani huku Friesland, mkoa wa Uholanzi, kuna kitu kinanifurahisha na kuniuma papo hapo. Mjini Leeuwarden kuna sanamu ya ng'ombe, ya shaba, kubwa kweli, iko pale tangu 1954, na watu wanasimama kupiga naye picha. Na si mgeni kwenu, ni huyuhuyu Friesian mweusi na mweupe mnayemkopea hela, mkamjengea banda la saruji na kumnunulia mashudu, akipata ndigana nyumba nzima hailali.

Sasa kabla hamjaanza "ooh umeshakuwa mzungu, unatudharau", subirini. Mimi nimekua kwa maziwa ya Friesian, ada yangu ya shule ilitoka kwenye ndoo ya mama, simsemi vibaya hata kidogo. Ninachouliza, wa kwetu yuko wapi? Kondoo mwekundu wa Kimasai, anayehimili minyoo kuliko hawa wa kuletwa, tumempandisha na Dorper, kondoo wa nyama wa kuletwa, weee mpaka kumpata aliye halisi ni shughuli. Zebu, ng'ombe wetu wa nundu, ndo usiseme kabisa.

Mtasema wenzetu wana hela. Haya, mwaka 1913 farasi wao weusi walibaki madume matatu tu ya mbegu kwenye daftari la ukoo, maana wakulima walishahamia farasi wazito wa kazi. Waliowaokoa ni wakulima haohao, siyo watalii, walikaa wakakubaliana kulea madume. Na waliweza kuhesabu kwa sababu daftari lilikuwepo tangu 1879. Leo wageni wanakuja kuwatazama wakivuta kigari cha magurudumu mawili, bwana na bibi juu wamevaa nguo za karne ya 19, yaani raha.

Hata ghala za zamani, juu kabisa kwenye ncha ya paa kuna ubao wa kuchonga, mabata maji wawili wa shingo ndefu, na tundu la bundi kupita aingie akakamate panya. Bundi! Kwetu akitua tu juu ya bati majirani wanaitana.

Kuna atakayeniambia "zebu anatoa lita mbili, watoto watakunywa urithi?" Hoja ya kweli hiyo, siikatai. Lakini nani kasema tumfukuze Friesian? Tena hawa wenyewe yamewakuta, Holstein wa Marekani mwenye maziwa mengi kaja kamsukuma Friesian wa asili mpaka hukuhuku kwao sasa ni wa kutafuta, ila ukiuliza waliobaki unaonyeshwa wapo zizi la nani. Longido kule kwetu Umasaini utamuuliza nani?

Basi mwenye dume la kondoo mwekundu halisi, Longido, Monduli, popote, naomba asimpeleke mnadani kwanza. Aandike mama yake nani, baba yake nani, kapanda majike yapi. Hela ya daftari na hereni za masikio nachangia mimi, tena kwa moyo mmoja.