Ukiogopa, Ziba Masikio

Watu wengi wakitishwa na filamu hufumba macho. Mimi niliachishwa tabia hiyo na dada yangu mkubwa. Tulikuwa tunaangalia filamu usiku, nimejifunika shuka hadi utosini, naye akachoka na kelele zangu. "Wewe, ziba masikio, siyo macho!" Nikatii. Nikamwona mwanamume mwenye barakoa nyeupe anakatiza uani taratibu, na wala sikuogopa. Alikuwa kama mtu aliyetumwa kitu akasahau alichotumwa. Nikatoa vidole masikioni, ile piano ikanirudisha chini ya shuka.

Filamu yenyewe ilikuwa Halloween ya mwaka 1978. Mwongozaji wake, John Carpenter, amesimulia jinsi alivyomwonyesha ofisa mmoja wa studio kabla haijatiwa muziki, na mama yule hakutishika hata kidogo. Carpenter hakuwa na fedha za kumwita mtunzi, akaingia studio mwenyewe. Muziki ule una mapigo matano, mtindo aliofundishwa na baba yake kwa ngoma za bongo akiwa kijana. Sikio limezoea kuhesabu hadi nne likapumzika. Hapa linafika nne, linakuta bado kuna moja. Hupumziki. (Na barakoa ile, kwa wasiojua, ilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa tamthilia ya Star Trek iliyopakwa rangi nyeupe. Umaskini una ubunifu wake.)

Ndiyo maana nakusanya santuri za muziki wa filamu za kutisha kuliko filamu zenyewe. Filamu hizi zinazoabudiwa na mashabiki sugu nyingi zilitengenezwa mifuko ikiwa mitupu, na utupu huo unausikia. Carnival of Souls ya 1962 imebebwa na kinanda cha kanisani, basi. George Romero, alipotengeneza Night of the Living Dead mwaka 1968, alichota muziki uliokwisha kurekodiwa kwa matumizi ya yeyote anayelipia. Filamu nyingi za siku hizi zina okestra nzima, lakini kazi ya okestra hiyo ni kunyamaza kisha kulipuka ghafla. Huko ni kushtua. Hata mlango ukibamizwa nyuma yako utashtuka, na hutasema mlango umetunga muziki.

Kwangu mimi mfalme ni muziki wa Suspiria ya 1977, kazi ya kundi la Goblin kutoka Italia. Mwongozaji wa filamu, Dario Argento, alikuwa akiupiga muziki wao kwa sauti kubwa wakati wa kupiga picha, waigizaji wausikie. Weka sindano upande wa kwanza, zima taa. Inaanza kengele ndogo, tamu, kama ya kumbembeleza mtoto. Halafu mtu anaifuatisha kwa kunong'ona, la-la-la, karibu mno, kama vile ameinama nyuma ya kiti chako. Mdundo unaingia baadaye, lakini mimi tayari nimeshawasha taa.

Sasa lalamiko. Siku hizi santuri hizi zinatolewa upya kwa rangi za damu, matone mekundu ndani ya plastiki angavu, na watu wananunua nakala mbili: moja ya kusikiliza, nyingine ibaki kwenye nailoni yake milele. Wengine hata hiyo ya kusikiliza hawaisikilizi. Napenda jalada zuri kama mtu mwingine yeyote, na nakiri nimewahi kununua albamu kwa ajili ya mchoro tu. Ila santuri isiyochezwa ni sahani. Mashabiki wa The Wicker Man ya 1973 walisubiri mpaka 1998 ndipo nyimbo zake zikatoka kama albamu. Miaka 25! Mtu aliyesubiri hivyo umwambie asiifungue?

Na wapo wanaodai kuwa santuri ya filamu si albamu halisi, ni kumbukumbu tu ya ulichotazama. Wakawaambie hayo waliosikia albamu ya Tubular Bells kabla ya filamu ya The Exorcist. Mwanamuziki Mike Oldfield aliirekodi akiwa na miaka 19, hana habari na shetani wala kasisi. Ilitoka Mei 1973, ya kwanza kabisa kwa kampuni ya Virgin, na filamu ikafuata Desemba ikiwa imeazima kipande cha mwanzo tu. Kilichobaki, sehemu kubwa, ni muziki wa amani, na bado kuna watu hawathubutu kuugeuza upande wa pili.

Nakala yangu ya Suspiria si ya thamani. Muuzaji aliiandika "safi", ikanifikia na mkwaruzo upande wa kwanza, mrefu kama ukucha. Santuri ya aina hii huzunguka mara moja kila sekunde 1.8, basi kila baada ya muda huo, tik. Nilikasirika, nikaapa kuirudisha, sikuirudisha. Juzi nimeiangalia tena filamu, muziki ukiwa safi kabisa, na katikati ya ule mnong'ono nikajikuta nimekaa wima, nimeshika mkono wa kiti, nasubiri tik ambayo haiji.