Kwa mgongo wa mzee, mimi bado niko na PMMA

Kuna swali naulizwa sana na ndugu wa wagonjwa na hata manesi wenzangu kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba mzee akivunjika pingili ya mgongo awekewe simenti ipi, ile ya plastiki au ile ya kalsiamu ambayo eti inageuka kuwa mfupa kabisa. Wengi wakishasikia hivyo wameshaamua, wanataka ya kalsiamu, maana inasikika ni salama na mwili unaijua. Mimi niko thieta ya mifupa na msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa mzee ambaye mifupa imeshalika ndani, PMMA, yaani hiyo ya plastiki, bado ndiyo yenyewe, ile ya kalsiamu ina wagonjwa wake.

PMMA ni akriliki, jamii moja na inayotengenezea meno ya bandia. Inakuja poda na kichupa cha majimaji, ukichanganya tu chumba kizima kinanuka, ni harufu ya saluni pale wanapobandika kucha za akriliki, na mwanafunzi akiingia siku ya kwanza lazima aulize ni nini hicho. Mwanzoni inakuwa rojorojo, baadaye inakuwa nzito kama dawa ya meno, na hapo ndipo daktari anaisukuma kwa sindano nene mpaka ndani ya pingili, mililita chache tu, macho yote yako kwenye skrini ya eksirei na ndiyo maana ndani yake huwa kuna bariamu ili ionekane inaelekea wapi. Ukiisukuma ikiwa bado nyepesi inakimbilia kwenye mishipa ya damu na inaweza kufika mapafuni, au inatokea nyuma ikabana neva, na ukichelewa inagandia humohumo kwenye sindano. Dakika hizo hakuna anayepiga stori.

Simenti hii sio ngeni, kina John Charnley, daktari wa upasuaji wa mifupa, walishaanza kuitumia Uingereza kwenye nyonga za bandia toka miaka ya 1950 mwishoni. Mgongoni waliianza Wafaransa, Galibert na Deramond, mji wa Amiens mwaka 1984, na yule mgonjwa wa kwanza wala hakuwa bibi aliyeanguka, alikuwa na uvimbe wa mishipa ya damu uliokuwa unakula pingili ya shingo.

Ubaya wake naujua. Inapoganda inatoa joto, kwenye vipimo vya maabara inaweza kupita nyuzi 70. Haigeuki mfupa hata ikae miaka mingapi. Na ni ngumu kuliko mfupa wa mzee unaoizunguka, kwa hiyo kuna madaktari wanaamini inachangia pingili ya jirani nayo kuvunjika, japo wengine wanasema, na mimi naelemea huko, kwamba jirani anavunjika kwa sababu na yeye ameoza vilevile.

Sasa ya kalsiamu fosfeti, kusema kweli ni kitu kizuri. Haichomi, ikikauka inakuwa haidroksiapataiti, yaani madini yaleyale ya mfupa, na mwili unaila taratibu huku unajenga wake. Shida iko kwenye nguvu. Ukiikandamiza wima inavumilia, ila ukiipinda au kuisukuma kwa pembeni inapasuka, na mgongo wa binadamu haukandamizwi wima tu, mama anainama kufagia, anageuka kitandani, ananyanyua ndoo. Tena kabla haijakauka damu inaweza kuiosha. Wajerumani, kina Blattert, walizilinganisha simenti hizi mbili kwa wagonjwa wenye mifupa dhaifu wakachapisha 2009, na ya kalsiamu ndiyo iliyoshindwa, hasa pingili iliyopasuka vipandevipande, mwisho wakashauri PMMA iendelee.

Halafu kuna Norian XR. Hii ilikuwa kalsiamu fosfeti yenye bariamu, ya kampuni ya Norian iliyokuwa chini ya Synthes, Marekani. Haikuwa na kibali cha kutibu mivunjiko ya mgongo, na maabara ilishaonyesha ikikutana na damu inaweza kuleta mabonge, lakini madaktari wakafundishwa kuitumia hivyohivyo. Wagonjwa 3 walifia mezani. Viongozi 4 wa kampuni walihukumiwa jela mwaka 2011. Kwa hiyo mtu akiniambia ya kalsiamu haina madhara kwa kuwa inafanana na mfupa, mimi huwa namsimulia hii.

Nani apewe sasa? Kijana. Mtu wa miaka 30 kadondoka kutoka juu ya jengo au kapata ajali ya bodaboda, mfupa wake mzima ila pingili imepasuka, kafungwa skrubu na vyuma ambavyo ndivyo vinabeba uzito, pale ndani pamebaki tundu. Huyo ukimjazia plastiki ataishi nayo miaka 50, na pingili zake zina uwezo wa kujijenga. Hapo natetea kalsiamu bila kusita.

Na kabla hata ya kubishana aina, muulizeni daktari kama simenti inahitajika kweli. Majaribio 2 makubwa ya mwaka 2009 yalilinganisha simenti na sindano ya kuigiza tu, maumivu yakapungua sawasawa. Jaribio la Australia la 2016 likaja kuona faida kwa waliovunjika ndani ya wiki 6 na wenye maumivu makali, halafu la Uholanzi la 2018 likakosa tena faida. Mimi nasoma hivi: mvunjiko mpya, maumivu yanayomzuia mzee hata kukaa, MRI inaonyesha mfupa bado umevimba, hapo ni sawa. Mvunjiko wa mwaka jana, hapana.

Kinachoniuma zaidi ni mzee anatolewa wodini na simenti nzuri kabisa mgongoni na hakuna aliyemwandikia dawa ya mifupa yenyewe. Ulizeni kabla hamjaondoka. Akiandikiwa alendroneti ya mara moja kwa wiki, anameza asubuhi kabla ya kula chochote, na glasi nzima ya maji, halafu nusu saa asilale, akae au asimame, maana kidonge kikikwama kinachoma koo la chakula.