Kilichowatenganisha Ellie na Peter ni biashara, si kutoelewana

Waulize waandishi wa skripti kwa nini vichekesho vingi vya mapenzi hulegea katika dakika ishirini za mwisho, na wengi watakuambia mwisho haukuandikwa vizuri. Mimi huanza kutafuta ubovu katika robo ya kwanza. Wapenzi wakiachana kwa sababu ambayo haikupandwa mapema, mtazamaji anauona mkono wa mwandishi ukiwasukuma, na hapo anashika simu yake.

Chukua It Happened One Night ya mwaka 1934, iliyoongozwa na Frank Capra kwa skripti ya Robert Riskin. Ilizoa Oscar zote tano kubwa: filamu bora, mwongozaji, skripti, na waigizaji wakuu wawili, Clark Gable na Claudette Colbert. Riskin hakuwa na chati ukutani. Kipimo cha kurasa 30 za kuanzisha, 60 za mvutano na 30 za kufunga kilienezwa na Syd Field, mwalimu wa uandishi wa skripti wa Marekani, kuanzia 1979. Hata hivyo sehemu tatu zimo, tena zimeshikana kuliko katika filamu nyingi zilizoandikwa kwa kufuata kipimo hicho.

Ellie Andrews, binti wa tajiri wa benki, ameolewa na rubani mpenda sifa aitwaye King Westley. Baba hamtaki mkwe huyo, anamzuilia binti kwenye boti lake la kifahari huko Florida. Ellie anajitosa majini, anatoroka, anapanda basi la usiku kwenda New York, na humo anagombania kiti na Peter Warne, mwandishi wa habari aliyetoka kufukuzwa kazi.

Wengi hudhani sehemu ya kwanza inaishia hapo, kwa kuwa wawili wamekutana. Lakini kukutana hakumfungi mtu. Anaweza kuhama kiti. Sehemu ya kwanza inaisha baadaye, daraja limekatwa na mvua, abiria wamelala njiani, na Peter anaweka sharti: nitakufikisha kwa mumeo, nawe utanipa habari yako niiandike mimi peke yangu, ukikataa, nampigia baba yako. Ndipo, katika kibanda cha kulala wasafiri, anafunga kamba kati ya vitanda viwili, anatundika blanketi, analiita kuta za Yeriko. Watu hukumbuka blanketi. Sharti ndilo linalobeba filamu.

Kwa hiyo kabla ya kuandika onyesho lolote, jaza sentensi mbili: huyu anamtumia yule kupata nini, na yule anamtumia huyu kupata nini. Kama huwezi kuzijaza, una watu wawili wanaopendana tu, na hao hawana safari.

Sehemu ya pili inaenda kwa kumvua kila mmoja alichokuja nacho. Ellie, aliyekwisha kuibiwa sanduku lake la safari, anaishiwa na ubinti-tajiri wake. Peter anavuliwa majigambo: anamfundisha Ellie kuomba lifti kwa kidole gumba, magari yanapita kama hayamwoni, Ellie anapandisha sketi kidogo na gari la kwanza linafunga breki. Kabla ya hapo wapelelezi wa baba wamegonga mlango, na wawili hawa wakaanza kutukanana kama mke na mume waliochokana, Peter akimwita binti wa fundi bomba. Hilo ndilo onyesho la katikati hasa. Hakuna neno la mapenzi, ila tumeona wanavyocheza ngoma moja bila mazoezi.

Usiku wa mwisho wa safari Ellie anavuka blanketi na kusema anampenda. Peter anamrudisha kitandani. Anapokuja kumuuliza kama alimaanisha, Ellie amelala. Peter anaondoka na gari kwenda New York kuuza habari kwa dola 1,000, maana hataki kuposa mfuko ukiwa mtupu. Wenye kibanda wanaona gari halipo, wanamtimua Ellie usiku huohuo, naye anampigia baba yake, ambaye sasa anakubali afungiwe harusi rasmi na Westley.

Utasema: angeacha kikaratasi, yasingetokea. Ni kweli, na sitetei kukosekana kwa kikaratasi hicho. Ninachotetea ni kwamba anachoamini Ellie, kwamba Peter alimtumia tu, ni nusu ya ukweli. Peter alikwenda kuuza habari yake, kama alivyomwambia usiku wa sharti. Linganisha na filamu ambazo shujaa anaonekana akimkumbatia mwanamke, kumbe ni dada yake. Pale kuna ajali ya macho tu. Ikielezwa, imekwisha, na wahusika hawajabadilika hata kidogo.

Ugomvi ulioanzia kwenye fedha lazima umalizwe kwa fedha. Baba ametangaza zawadi ya dola 10,000, na Peter anapokuja, baba anadhani ameifuata. Peter anadai dola 39.60, gharama alizotumia njiani. Tazama hizo senti 60. Angedai 40, lingekuwa tangazo la heshima yake, 39.60 ni hesabu ya mtu mwenye hasira aliyekaa na kalamu. Baba anaelewa mara moja, anambana mpaka akiri anampenda, kisha anamnong'oneza Ellie yote hayo wakielekea madhabahuni. Ellie anakimbia na shela lake.

Ila ipo kasoro, nayo si ndogo: Westley. Anashuka harusini kwa autojairo, chombo cha kuruka kinachofanana na helikopta, tunacheka, basi. Hajapewa onyesho hata moja la kutufanya tuone Ellie alimpendea nini, hivyo kumwacha hakumgharimu chochote. Baya zaidi, analipwa ili akubali ndoa ibatilishwe, na jambo hilo tunalisikia kwa maneno tu. Filamu iliyompima Peter kwa dola 39.60 ilikuwa na deni la kutuonyesha Westley akipokea zake.