Mzee Hakugusa Waya

Ukimwambia mtu umefungua seva (kompyuta inayohudumia ofisi nzima) ikiwa inafanya kazi, ukachomoa kadi na kupachika nyingine, anadhani unampiga fiksi. Si fiksi. Zipo seva za raki, yale makabati ya chuma ya kupangia seva, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kanuni za PCI Hot-Plug, yaani za kubadilisha kadi bila kuzima mashine, zilitoka mwaka 1997, na mpango haujabadilika sana: kila sloti (nafasi ya kuchomeka kadi) ina umeme wake unaoweza kukatwa peke yake, taa zake, na kitufe chake. Kijani ikiwaka, umeme upo, tulia. Ikipepesa, subiri. Ikizimika, chomoa kwa raha zako. Njano ni ya matatizo. (Kompyuta yako ya mezani haina mambo hayo, kwa hiyo usije ukajaribu nyumbani.)

Ukibonyeza kitufe, kijani hupepesa kwa sekunde 5 kabla umeme wa sloti haujakatwa. Sekunde hizo ni za kughairi: ukibonyeza tena, seva inajua umebadili mawazo, inaacha mambo yalivyokuwa. Hapo pa kughairi pashikeni vizuri.

Sasa, kadi ya mtandao kwenye seva yetu ya mishahara ilikuwa imeanza visa. Mara ipo, mara haipo. Na ilikuwa mwisho wa mwezi. Mhasibu mkuu, mzee anayekaribia kustaafu, akatoa amri kwamba seva haizimwi mpaka watu wapate chao. Nikamwambia, Mzee, hatuzimi, tunabadilisha kadi huku inafanya kazi.

Akanitazama juu ya miwani. "Yaani unampasua mgonjwa huku anatembea?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nitakuja nione."

Akaja kweli, na sweta zito ambalo Dar hulivai labda kama unapanda basi la Makambako, maana alishasikia habari za kiyoyozi chetu. Nikahamishia mawasiliano yote kwenye kadi ya pili, nikakagua kama kebo za nyuma zinafika, nikaivuta seva kwenye reli zake, nikafungua kava. Feni zikapandisha mlio, ikawa kuongea ni kwa kupiga kelele. Nikavaa mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli, klipu yake nikaibana kwenye chuma cha kasha la seva. Mzee akauliza kama na yeye hapati hirizi.

"Wewe simama tu hapa, Mzee! Ila tafadhali usiguse waya wowote!"

Akaitikia kwa kichwa, mikono kaifunga mgongoni.

Nikabonyeza kitufe cha sloti ya 3. Kijani ikaanza kupepesa. Nikazunguka safu ya raki kwenda upande wa pili, kwenye skrini, kuhakikisha sloti imezimika. Haijazimika. Nikarudi, kijani imetulia inawaka tu. Mzee kasimama vilevile, anaangalia dari. Nikabonyeza tena, nikazunguka tena. Wapi.

Hapo nikaanza kulaumu. Nililaumu draiva, nikalaumu mfumo endeshi, nikamlaumu kimoyomoyo na aliyetuuzia seva. Nikampigia mwenzangu aliyeko Mwanza, na kwa kelele zile za feni alichosikia ni "sloti" tu. Akanishauri nizime niwashe. Asante sana.

Mwisho nikafungua logi za mfumo, na seva bwana haina siri. Imeandika: kitufe cha sloti ya 3 kimebonyezwa. Sekunde 3 baadaye: kimebonyezwa tena, zoezi limeghairiwa. Kila nilipojaribu ni hivyohivyo, kubonyezwa mara mbili. Na mimi nina kidole kimoja nilichokitumia mara moja.

Nikarudi, nikabonyeza, nikajifanya naondoka. Nikachungulia kupitia mlango wa wavu wa raki ya jirani. Kijani ikapepesa. Mzee akatazama kushoto, akatazama kulia, akasogeza miwani, akatoa kidole taratibu kutoka ndani ya mkono wa sweta. Bonyeza. Taa ikatulia. Akafuta kidole kwenye sweta na kurudisha mikono mgongoni.

"Mzee!"

"Naam!"

"Umebonyeza!"

"Sijagusa waya!"

Na ni kweli, hakugusa.

"Taa ilikuwa inapepesa," akanieleza kwa upole, kama mtu anayesamehe. "Kitu kikipepesa kina hitilafu. Nabonyeza, kinatulia. Muda wote huu mimi narekebisha, wewe kijana unarudi kuharibu."

Nilimpa kadi mpya aishike kwa mikono miwili, ikiwa bado ndani ya mfuko wake, nikamwambia ndiyo mishahara yenyewe hiyo. Hakuthubutu kuiachia hata kujikuna. Nikabonyeza. Kijani ikapepesa, Mzee akaguna, taa ikazimika. Nikafungua kibano cha kadi, nikaichomoa ya zamani kwa kushika kingo, nikapachika mpya, nikabonyeza. Ikapepesa, ikatulia. Mishahara haikujua kama kuna kitu kimetokea.

Ofisini sasa Mzee anaheshimika kama fundi. Juzi printa ya katibu muhtasi ilianza kupepesa taa, nikaitwa, nikamkuta Mzee ameshafika. Alinizuia kwa kiganja, akabonyeza kitufe mara moja, taa ikatulia, karatasi zikaanza kutoka.