Kuondoa nakala rudufu wakati wa kuhamisha mashine pepe: hesabu iliyosahauliwa

Wanaosimamia seva wakisikia habari ya kuondoa nakala rudufu (yaani kutotuma tena kurasa za kumbukumbu ambazo upande wa pili unazo) wakati wa kuhamisha mashine pepe, kompyuta ya kiprogramu iliyo ndani ya seva, ikiwa hai, yaani bila kuizima, wengi huuliza: mitandao imeshakuwa na kasi, ya nini kuhangaika? Njia ya gigabiti 100 kwa sekunde hupitisha gigabaiti 12.5 kila sekunde, na hakuna kiini kimoja cha prosesa kinachoweza kukokotoa heshi ya SHA-256, alama fupi ya kutambulisha maudhui ya ukurasa, kwa mwendo huo. Ukiwa bado unatafuta ukurasa upi unafanana na upi, aliyetuma vyote kama vilivyo ameshamaliza kazi. Hoja hii ni ya kweli kwa mashine zinazohama kutoka kabati moja kwenda jingine ndani ya kituo kimoja cha data.

Kati ya vituo viwili vilivyo mbalimbali, mambo hubadilika. Tuchukue mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, yaani kurasa 4,194,304 za kilobaiti 4 kila mmoja, na njia iliyobaki wazi ni gigabiti 1 kwa sekunde. Mzunguko wa kwanza wa kunakili utachukua sekunde 137 hivi. Lakini mashine haijalala. Ikiwa inaandika upya megabaiti 50 kila sekunde, mzunguko ukiisha kuna takriban gigabaiti 6.9 za kurudia, na zikirudiwa, nyingine zimeshachafuka, yaani zimebadilika. Ukijumlisha mizunguko yote unafika kama sekunde 229.

Sasa tuseme nusu ya kurasa zina nakala ambayo upande wa pili tayari unayo, kwa hiyo badala ya ukurasa mzima wa baiti 4,096 unatuma heshi ya baiti 32. Wengi hutarajia muda nao ushuke nusu. Nusu hiyo ikipatikana katika kila mzunguko, muda hushuka hadi sekunde 87 hivi, chini ya sehemu mbili kati ya tano za muda wa awali, kwa sababu mzunguko mfupi huzipa programu nafasi ndogo ya kuchafua kumbukumbu, na mzunguko unaofuata nao unafupika. Ni kama kukumba maji kwenye mtumbwi unaovuja: ukikumba haraka kidogo kuliko yanavyoingia, utamaliza, ukizidiwa kidogo tu, hutamaliza kamwe. Mashine inayoandika megabaiti 130 kwa sekunde kwenye njia ileile ya gigabiti 1, yaani megabaiti 125 kwa sekunde, haihami kabisa kwa mizunguko hii bila kusimamishwa au kupunguzwa kasi kwa nguvu.

Nakiri kwamba nusu katika kila mzunguko ni ukarimu. Kurasa zinazobadilika mara kwa mara kwa kawaida ni za data mpya, na hazifanani na chochote. Hata hivyo, nafuu ikipatikana katika mzunguko wa kwanza peke yake, zile sekunde 229 zinakuwa kama 115. Mizunguko ya baadaye ina dawa yake: QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, kwa mfano, inaweza kutuma baiti zilizobadilika tu badala ya ukurasa wote.

Na nakala hizo zinatoka wapi? Kuna kurasa tupu zilizojaa sifuri. Kuna kerneli (moyo wa mfumo endeshi) ileile na maktaba zilezile za programu katika mashine zilizozaliwa na imeji moja, yaani nakala moja ya mfano. Ukihamisha kundi zima la mashine kwa pamoja, ukurasa wa kerneli unasafiri mara moja, na seva inayopokea inazigawia mashine nyingine nakala zake. Hapa ndipo mbinu hii inapolipa hasa, na ndipo wapinzani wake wasipopenda kupapima.

Hofu ya usalama nayo haipuuziki. Mwaka 2014 VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, ilitangaza kuzima, kama mpangilio wa kawaida, ugawanaji wa kurasa kati ya mashine tofauti. Mwaka 2016 shambulio la Flip Feng Shui likaonyesha jinsi ukurasa uliounganishwa unavyoweza kumpa jirani njia ya kuharibu kumbukumbu ya mwenzake. Lakini soma vizuri: hatari hiyo inahitaji wapangaji wawili, yaani wateja wenye mashine kwenye seva moja, *waendelee* kutumia ukurasa mmoja. Uhamishaji hauhitaji hivyo. Data inapita njiani mara moja, kisha kila mashine inapewa nakala yake. Hata kurasa kubwa za megabaiti 2 hazivunjwi. Unazikagua vipande vya kilobaiti 4 wakati wa kutuma, basi. Kinachobaki ni uteuzi wa heshi, na tangu SHA-1, aina ya heshi ya zamani, ivunjwe hadharani mwaka 2017 hakuna sababu ya kuitumia hapa.

Kizuizi ninachokiona kigumu kweli ni usimbaji wa kumbukumbu, kama ule wa SEV, teknolojia ya prosesa za AMD inayofunga kumbukumbu ya mashine pepe kwa ufunguo. Kurasa mbili zenye maudhui yaleyale zikisimbwa kwa funguo tofauti hazifanani tena, na haipavaiza, programu inayoendesha mashine pepe, haina cha kulinganisha. Kwa mteja anayetaka ulinzi huo, mbinu hii haina kazi. Kwa waliobaki, ningeiwasha katika mzunguko wa kwanza, niizime mara tu idadi ya kurasa zinazofanana inaposhuka, na prosesa iachwe ihudumie mashine inayohama.